Masalia ya Ufyatuaji wa Silaha: Mwongozo Kamili wa Kuyakusanya, Kuyapima na Kuyasoma, kwa Wapelelezi na Matabibu wa Tabora na Kigoma

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu, na risasi ni yale madini laini ya kijivu ambayo mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, huyafunga chini ya wavu wake ili uzame. Ripoti ikiandika kwamba "mikononi mwa mtuhumiwa imeonekana risasi", mkemia anaweza kumaanisha madini na msikilizaji akaelewa kwamba kijana alifyatua bunduki. Kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, tofauti hiyo ya maana ni maisha ya mtu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mpelelezi wa wilaya, tabibu wa zahanati, wakili na mtendaji wa kijiji, kwa sababu upimaji wa masalia, yaani vumbi linalomrukia mtu silaha inapofyatuliwa, huharibika mikononi mwao kabla haujafika kwa mkemia. Mashine iliyo mbali haiwezi kurudisha kilichopotea Sikonge au Kasulu katika saa nne za kwanza. Na huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vingi vya nje havilizungumzii vya kutosha: silaha inayokamatwa mara nyingi ni gobore, na gobore haliachi masalia yaleyale yanayoachwa na bastola ya kiwandani.

Kinachotokea mtutuni

Kitakoni mwa ganda la risasi ya kiwandani kuna fataki, kile kiduara kidogo kinachogongwa na pini. Fataki ya kawaida ina vitu vitatu vikuu: stifineti ya risasi inayolipuka kwa kugongwa, nitrati ya bariamu inayotoa oksijeni, na salfaidi ya antimoni inayoungua. Ikigongwa, joto na mgandamizo huyageuza madini hayo kuwa mvuke. Mvuke ukitoka nje hupoa ghafla na kuwa vitone vya mviringo, kama mvuke wa sufuria unavyogeuka matone kwenye kifuniko. Tofauti ni kwamba vitone hivi huganda na kuwa chembe ngumu, nyingi zikiwa na ukubwa wa kati ya maikromita 0.5 na 10. Unywele wa mtu una upana wa maikromita kama 70, kwa hiyo usitegemee kuziona kwa macho.

Chembe moja ikiwa na madini ya risasi, bariamu na antimoni kwa pamoja, ikiwa na umbo la kitone kilichoyeyuka na kuganda, ndiyo mkemia anayoitafuta. Hutoka kwenye mdomo wa mtutu na kwenye nafasi za silaha, hasa pale ganda linaporushwa nje. Hutua kwenye mikono ya mfyatuaji, uso, nywele na nguo zake, na pia kwa aliyesimama karibu naye.

Baruti nayo huacha masalia yake ya kikaboni: nitroselulosi, nitrogliserini, na viungo vya kuituliza isiharibike ghalani kama vile difenilamini na ethili sentraliti. Hayo hupimwa kwa njia nyingine, nitakayoieleza mbele.

Gobore ni habari nyingine

Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: baruti nyeusi, kitambaa au nyuzi za kuzibia, kisha goroli au vipande vya chuma. Baruti nyeusi asili yake ni nitrati ya potasiamu, mkaa na salfa. Nyuma, mahali pa kuwashia, huwekwa fataki ya kununua au kitu chochote ambacho fundi wa kienyeji amekizoea, mara nyingi mchanganyiko uliotokana na vichwa vya kiberiti. Vichwa vya kiberiti vina klorati ya potasiamu.

Matokeo yake ni kwamba gobore likifyatuliwa, bariamu inaweza isiwepo kabisa. Kinachobaki ni potasiamu, salfa, pengine klorini, pamoja na masizi mengi. Mkemia asiyeambiwa kwamba silaha ni gobore atatafuta madini yale matatu, hatayapata, na ataandika "hakuna masalia". Ripoti hiyo itamwachia aliyefyatua, ilhali kosa ni la barua iliyopelekwa maabara.

Upande wa pili wa shilingi, potasiamu na salfa zimejaa kila mahali. Majivu ya jikoni yana potasiamu, na mbolea ya NPK inayotumika kwenye tumbaku inayo pia. Ndiyo maana kwa gobore nasisitiza kuliko jambo lingine lolote: pelekeni silaha yenyewe, baruti iliyokutwa nayo na fataki zake, ili mkemia alinganishe kilichoko mkononi na kilichoko kwenye silaha. Bila kulinganisha, kilichopatikana mkononi mwa mkulima ni udongo na majivu tu, na sitamlaumu wakili atakayesema hivyo.

Kwa Kigoma, inayopakana na Burundi na kutazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, kuna nyongeza. Baadhi ya risasi za zamani za bunduki za kivita, hasa zilizotengenezwa Ulaya ya Mashariki, zilitumia fataki yenye fulmineti ya zebaki, klorati ya potasiamu na salfaidi ya antimoni. Chembe zake zinaweza kuonyesha antimoni, bati na zebaki, bila bariamu. Na kuna risasi za kisasa zisizo na madini mazito, ambazo fataki zake huacha titani na zinki. Ganda lililookotwa eneo la tukio ndilo linalomwambia mkemia atafute nini. Liokoteni, kila moja na bahasha yake.

Mfano tutakaotembea nao

Tuchukue tukio la kubuni. Kijiji cha wakulima wa tumbaku wilayani Sikonge, saa tano usiku, mtu amepigwa goroli za paja. Saa kumi na mbili alfajiri sungusungu wanamkamata kijana, na nyumbani kwake, juu ya dari, linapatikana gobore. Kijana anasema alilitumia siku mbili kabla kufukuza nguruwe pori shambani, na kwamba jana alishinda akitia mbolea ya chumvichumvi.

Sungusungu wanamfunga mikono kwa kamba. Mmoja ana gobore lake mwenyewe begani. Kisha mtu anatoa simu na kumwambia kijana ashike silaha yake apigwe picha.

Picha hiyo imeua ushahidi wa mikono yake. Chochote kitakachopatikana baada ya hapo kimetoka kwenye kushika silaha mbele ya mashahidi, na hakuna mkemia duniani anayeweza kutenganisha chembe za usiku na chembe za alfajiri. Mtendaji wa kijiji akijua jambo hili moja tu, kwamba mtuhumiwa asishikishwe silaha na asikamatwe mikono na mtu mwenye silaha, amefanya kazi kubwa kuliko mashine.

Hatua ya kwanza: linda mikono

Chembe hazijashikana na ngozi kwa gundi. Zinadondoka mtu akitembea, akijifuta usoni, akiingiza mikono mfukoni. Kunawa kwa sabuni huondoa karibu zote. Kwa mtu aliye hai na anayejishughulisha, sehemu kubwa hupotea ndani ya saa 4 hadi 6, na maabara nyingi duniani hazipokei sampuli za mikono zilizochukuliwa baada ya muda wa aina hiyo. Katika mfano wetu, kutoka saa tano usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri ni saa saba. Mikono tayari imechelewa. Nguo hazijachelewa, nywele pia. Chembe hukaa kwenye kitambaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mpelelezi mwenye busara atakimbilia shati na koti.

Mikono ya marehemu haijishughulishi, hivyo chembe hukaa hadi mwili unaposogezwa, kufunikwa au kuoshwa. Chukueni sampuli palepale, kabla ya mwili kubebwa.

Kama anayechukua sampuli yuko njiani, fungeni mikono kwa mifuko ya karatasi ya kaki, mmoja kwa kila mkono, na mfunge kwa uzi au utepe kwenye vifundo. Msitumie mifuko ya nailoni: mkono hutoka jasho ndani yake, na jasho huosha chembe. Mtuhumiwa asichukuliwe alama za vidole kwanza, asinawe, asile kwa mkono, asiruhusiwe kwenda haja peke yake. Maji ya kunywa apewe, na kama amejeruhiwa atibiwe kwanza. Ushahidi hautangulii uhai wa mtu, hata wa mtuhumiwa.

Kiti cha gari la polisi na pingu huguswa kila siku na watu wanaobeba silaha, na chembe hupatikana humo. Tandikeni karatasi safi kwenye kiti. Andikeni alikaa wapi na nani alimshika.

Hatua ya pili: chukua sampuli

Kifaa kinaitwa stabu. Ni kitufe cha alumini chenye upana wa milimita 12.7, juu yake kumebandikwa duara la gundi ya kaboni, na kinakaa ndani ya kichupa chenye kifuniko. Kaboni imechaguliwa kwa sababu mashine haiichanganyi na madini tunayoyatafuta. Kisanduku kimoja kinatosha: stabu zisizopungua nne, glavu mpya, lebo, lakiri na fomu. Kisikae kwenye ghala la silaha wala kwenye buti la gari lenye risasi. Nimeona vifaa vizuri vikihifadhiwa kwenye kabati moja na bastola, na kuanzia hapo stabu zote zilikuwa na shaka.

Anayechukua sampuli awe mtu ambaye hajashika silaha siku hiyo. Ikiwa kituoni kila askari ana bunduki, muite tabibu. Nawa mikono, vaa glavu, kisha kabla ya yote fungua stabu moja hewani, iguse glavu zako mwenyewe na uifunge. Hiyo ni sampuli tupu. Siku ile wakili atakapouliza kama chembe zilitoka kwako, stabu hiyo itakujibia.

Sasa chukua stabu ya mkono wa kulia. Bonyeza na uinue, bonyeza na uinue, ukianza na mgongo wa mkono, hasa lile pembe kati ya kidole gumba na cha shahada ambalo hukaa karibu kabisa na silaha, kisha kiganja. Endelea mara 50 au zaidi, mpaka gundi ipoteze mnato. Usisugue, maana ukisugua unaviringisha mafuta ya ngozi na kuzifukia chembe. Funga. Badilisha glavu. Rudia mkono wa kushoto kwa stabu nyingine. Ya nne ni ya uso na nywele za mbele, muhimu zaidi kwa bunduki ndefu na gobore kwa sababu shavu hulala karibu na mahali pa kuwashia.

Mkulima anayetoka shambani atakuwa na udongo mikononi. Usimfute! Chukua sampuli hivyohivyo, na kama stabu imejaa vumbi tumia ya pili kwa mkono uleule. Andika kazi yake na alichoshika siku hiyo: mbolea, betri ya gari, breki za pikipiki, nyavu, kiberiti, fashifashi za harusi. Tutaona kwa nini.

Kwa masalia ya kikaboni, maabara ikiyahitaji, hutumika pamba safi iliyoloweshwa kwa alkoholi, na huchukuliwa baada ya stabu. Yafungwe vizuri na yawekwe kwenye ubaridi kwa sababu huvukizwa na joto, na Tabora ya mwezi wa kumi haina huruma.

Hatua ya tatu: nguo na jeraha

Hapa namgeukia tabibu. Mgonjwa anapoletwa hospitali ya Kitete au ya Maweni, au kwenye zahanati isiyo na umeme, kazi yako ni kumwokoa. Lakini mkasi wako unaweza kuokoa na ushahidi pia. Usikate nguo kupitia kwenye tundu la goroli, kata pembeni yake. Usiikung'ute wala kuikunja ili tundu likutane na kitambaa kingine. Kama ina damu, itandaze ikauke kivulini juu ya karatasi safi, kisha ifungwe kwa karatasi, kila nguo peke yake. Kwenye nailoni, damu mbichi huoza haraka.

Kabla ya kuosha jeraha, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Tazama pembezoni mwa tundu na uandike unachokiona kwa maneno ya kawaida. Masizi meusi yanafutika kwa maji, na maana yake mtutu ulikuwa karibu sana. Madoadoa mekundu au ya hudhurungi yaliyoingia ngozini hayafutiki, na yametokana na punje za baruti zilizopenya. Ngozi iliyochanika kama nyota, yenye alama ya mdomo wa mtutu, huonyesha kwamba silaha iligusa mwili. Andika vyote kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, pamoja na kile ambacho hukukiona. "Hakuna masizi, hakuna madoadoa" ni sentensi yenye thamani kubwa mahakamani, na naomba matabibu waizoee, maana fomu nyingi huishia "jeraha la risasi, paja la kushoto" na basi.

Hatua ya nne: karatasi na safari

Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ya zamani ni zaidi ya kilometa 800, na Kigoma ni zaidi ya 1,200. Katika safari hiyo stabu itashikwa na watu wengi, na kila mmoja lazima aonekane kwenye maandishi.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007, iliweka wazi kinachotakiwa: kumbukumbu zinazofuatana kwa wakati, zikionyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa, kilivyopimwa na kilivyohitimishwa. Toka hapo wakili yeyote wa utetezi huanza na mnyororo huo kabla ya kugusa kemia, na ana haki.

Kwa hiyo, ukikamata nguo au silaha nyumbani kwa mtu, toa stakabadhi kama Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inavyotaka, isainiwe na mwenye nyumba au ndugu yake na mashahidi wa upekuzi. Bandika lebo ya kielelezo, PF 145. Ingiza kwenye daftari la vielelezo, PF 16, tarehe na saa. Namba ya lakiri iandikwe kwenye lebo, kwenye daftari na kwenye barua ya kupeleka, na namba zote tatu zifanane. Silaha isafiri peke yake. Gobore na stabu kwenye boksi moja ni sawa na ile picha ya alfajiri.

Barua ya kupeleka isiishie "tunaomba mpime kama kuna baruti". Iseme: silaha inayoshukiwa ni gobore, imeambatanishwa pamoja na baruti na fataki zilizokutwa nayo. Tukio saa tano usiku, nguo zimekamatwa saa moja asubuhi, mikono imepimwa saa mbili. Mtuhumiwa ni mkulima, alishika mbolea. Alikamatwa na watu wenye silaha, alishikishwa silaha. Ndiyo, liandikeni na hilo. Ukweli unaokuumiza ukiuandika mwenyewe, unabaki shahidi wa kuaminika kwa mengine yote.

Hatua ya tano: ndani ya maabara

Zamani kulikuwa na kipimo cha nta. Mwaka 1933 Teodoro González wa polisi ya Mexico alikitambulisha Marekani: nta ya moto inamiminwa mkononi, inabanduliwa, kisha inanyunyiziwa difenilamini kwenye asidi ya salfa, na nitrati hugeuka bluu. Kilikubalika haraka na kikafunga watu. Tatizo ni kwamba nitrati zimo kwenye mbolea, kwenye tumbaku, hata kwenye mkojo. Hebu fikiria kipimo hicho Urambo au Kaliua msimu wa tumbaku: kijiji kizima kingekuwa bluu. Mtu akija leo na kichupa cha dawa ya rangi akidai kitamtambua mfyatuaji papo hapo, mkumbukeni mkulima wa tumbaku.

Mwaka 1959 watafiti Harrison na Gilroy walileta vipimo vya rangi vya madini yenyewe, vikiwemo vya rodizoneti ya sodiamu kwa risasi na bariamu. Miaka iliyofuata yakaja mashine za kupima jumla ya kila elementi. Lakini jumla haitoshi. Mkono wenye risasi kutoka kwenye nyavu, antimoni kutoka kwenye betri na bariamu kutoka kwenye rangi utaonyesha madini yote matatu bila bunduki kusikika. Suala ni kama yamo pamoja ndani ya chembe moja.

Ndiyo maana chombo kinachokubalika leo ni hadubini ya elektroni iliyounganishwa na kipima eksirei. Stabu inawekwa ndani ya chemba isiyo na hewa na miale ya elektroni inapekua uso wake wote, mara nyingi kwa saa nyingi bila mtu. Elementi nzito hurudisha elektroni nyingi, hivyo chembe yenye madini mazito hung'aa katikati ya weusi wa kaboni. Kompyuta inasimama hapo, inasoma eksirei zinazotoka, na kwa kuwa kila elementi ina nishati zake, inataja kilichomo.

Hapa mkemia hapaswi kuiachia kompyuta. Mstari mkuu wa risasi, yaani nishati ambako eksirei zake hujitokeza, uko kwenye kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 2.34, na wa salfa uko 2.31. Baruti nyeusi ya gobore imejaa salfa! Kompyuta inaweza kuiita risasi. Antimoni iko 3.60 na kalsiamu 3.69, na kalsiamu imo kwenye udongo na kwenye mbolea ya CAN. Bariamu iko karibu 4.47 na titani 4.51, na titani ndiyo weupe wa rangi za ukutani. Dawa yake ni kutazama mistari mingine ya elementi hiyohiyo: risasi ya kweli itaonyesha pia mstari wa 10.55. Mkemia arudi kwa kila chembe iliyotajwa, aitazame umbo, aisome upya kwa mkono, ndipo asaini.

Mwongozo E1588 wa ASTM, shirika la kimataifa la viwango, unagawa chembe kwa ngazi. Zenye risasi, bariamu na antimoni pamoja huitwa bainifu kwa ufyatuaji. Zenye mbili kati ya hizo ni zinazoendana nao, maana zina vyanzo vingine: baadhi ya breki za magari na fashifashi hutoa chembe za namna hiyo. Zenye risasi peke yake hazisemi chochote kwa fundi betri, fundi redio anayechomelea kwa waya wa risasi, au mvuvi.

Kwa gobore kazi huhamia kwenye kromatografia ya ioni, inayotenganisha potasiamu, nitrati, salfeti, klorati na nyinginezo kwenye maji yaliyosuuziwa nguo, na hulinganishwa na kilichokwanguliwa ndani ya mtutu. Klorati ina uzito zaidi wa kiushahidi kuliko nitrati, kwa sababu haimo kwenye mbolea ya kawaida. Lakini imo kwenye kiberiti, na nani huku hajawasha kiberiti? Masalia ya kikaboni ya baruti ya kisasa hupimwa kwa kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi, mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake. Kati ya hayo ethili sentraliti ndiyo naiamini zaidi, maana difenilamini hutumika pia kwenye mipira.

Umbali wa mtutu

Swali hili hujibiwa kwenye nguo, na mpangilio wa vipimo ni lazima. Kwanza kipimo cha Griess kilichoboreshwa: karatasi maalumu inagandamizwa kwenye nguo kwa pasi na mvuke wa asidi ya siki, na nitriti zilizotawanyika huacha vidoa vya rangi ya chungwa. Baada yake ndipo rodizoneti ya sodiamu hupulizwa moja kwa moja kwenye kitambaa. Risasi hutoa wekundu, na ukinyunyizia asidi hafifu ya haidrokloriki huwa zambarau ya bluu. Ukigeuza mpangilio umeharibu nitriti.

Mtawanyiko huo hulinganishwa na risasi za majaribio, silaha ileile na baruti ileile, kwenye kitambaa kwa umbali tofauti. Majedwali ya bastola yasitumike kwa gobore, ambalo hutoa moto na masizi mengi zaidi. Na gobore la kienyeji lisifyatuliwe kwa mkono wa mtaalamu: mitutu mingine ni bomba la maji, hupasuka. Lifungwe kwenye fremu na livutwe kwa kamba kutoka nyuma ya kinga.

Kusoma majibu

Chembe ina habari moja: moshi wa silaha na sehemu hii vilikutana. Inaweza kuwa alifyatua, alisimama karibu, au aligusa kitu chenye masalia. Chembe haijui jina la aliyevuta.

London, mwezi Aprili 1999, mtangazaji Jill Dando aliuawa kwa risasi mlangoni kwake. Mwaka uliofuata ikakutwa chembe moja ndani ya mfuko wa koti la mshukiwa, na mwaka 2001 akahukumiwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya huko ikaitengua hukumu, kwa sababu wataalamu walikubali kwamba chembe moja ya namna ile ingeweza kutoka kwingine kwa uwezekano uleule. Mwaka 2008, kesi iliposikilizwa upya, aliachiwa.

Kwa hiyo mkemia aulizwe maswali mawili kwa pamoja: kama alifyatua, tungetarajia kupata hiki kwa kiasi gani? Na kama hakufyatua, kwa maisha anayoishi na jinsi alivyokamatwa, tungetarajia kukipata kwa kiasi gani? Kwa kijana wetu wa Sikonge, potasiamu na salfa mikononi zinatarajiwa kwa njia zote mbili: mbolea, jiko, picha ya alfajiri. Mikono yake haimshitaki wala haimtetei. Shati lake, kama silo alilovaa kwenye picha, likiwa na klorati na masizi begani pale kitako cha silaha kinapokaa, linaanza kusema kitu, ingawa safari yake ya nguruwe pori bado ni maelezo yanayowezekana kama alivaa shati hilohilo. Ulizeni kama lilifuliwa katikati. Na "hakuna chembe" si "hakufyatua": saa saba, kunawa, jasho na upepo vinatosha kuziondoa.

Mahakamani

Ripoti ikishapokelewa kuwa kielelezo, isomwe kwa sauti ili mshtakiwa aisikie, vinginevyo kwenye rufaa itaondolewa kwenye kumbukumbu, hata kama kemia yake haina doa. Mkemia akitoa ushahidi kwa Kiswahili, aseme "madini ya risasi" kila mara, bila kuchoka. Wakili wa utetezi aombe kuona sampuli tupu, saa ya kuchukua sampuli, picha na mistari ya eksirei ya kila chembe iliyotajwa, na kazi ya mteja wake iandikwe kwenye ushahidi.

Hadubini ya elektroni haili sampuli. Stabu iliyopimwa leo inaweza kupimwa tena na mtaalamu mwingine baada ya miaka, chembe zikiwa palepale kwenye gundi na namba zake kwenye ramani ya mashine. Ifungwe kwa lakiri mpya, irudishwe kwenye daftari, na isiteketezwe mpaka rufaa ya mwisho iwe imeamuliwa.